Waya wa Baba Cubaka

Kwanza tazama juu.
Kabla ya kamba, kabla ya kuvua viatu,
kabla ya kumuuliza Zihalirwa kama ameleta ile pini,
tazama juu, Bisimwa, uhesabu kilichopo:
wingu moja upande wa Idjwi,
mwewe wawili,
na waya wa Baba Cubaka
unaotoka dirishani kwake, unavuka kighuba chetu
mpaka kwenye friji ya shemeji yake muuza bia.
Umefungwa kwenye mti kwa kipande cha ndala.
Hakuna aliyempa ruhusa. Hakuna aliyemkataza.

Sasa mlingoti.
Ni mkaratusi wa Walungu, mita sita na shubiri.
Niliununua na maganda yake, nikaubebesha wanaume wawili
waliocheka njia nzima hadi Nguba:
mama huyu anajenga kanisa, au?
Shina lake linakaa hapa, ndani ya tundu hili.
Mmoja akanyage kisigino chake lisiteleze.
Mmoja awe mbele, na kamba ya pua.
Mmoja auinue akitembea, toka nchani kuja shinani,
mkono baada ya mkono, bega likifuata.
Na wa nne, kama yupo, akae mbali.
Chini ya mlingoti unaopanda hakuna kiti cha mgeni.

Usiamini wepesi wa mwanzo.
Mlingoti si mzito ukiwa umelala,
si mzito ukiwa umesimama;
uzito wake wote uko katikati,
pale ambapo si gogo tena na bado si mlingoti.

Pale ndipo simu ililia mwaka jana.
Niliachia mkono mmoja. Mmoja tu, nione nani.
Ilikuwa kampuni, inanipongeza kwa bonasi ya dakika kumi.
Bega la Zihalirwa mpaka leo linatabiri mvua.
Hajawahi kunilaumu,
ndiyo maana simu yangu siku hizi
husafiri ndani ya sufuria, kifuniko juu.

Meli ya Goma ikipita, usiinue kitu.
Abiria watapunga mikono. Punga nawe, lakini ngoja:
meli hupita mara mbili,
kwanza machoni, halafu miguuni.

Kushusha ni njia ileile, ila hofu haipo kukusindikiza.
Asubuhi unaogopa, unaangalia kila fundo.
Jioni umerudi na mananasi, mgongo unauma,
unasikia harufu ya makaa ya nyumbani,
na ulimi unakuwa mrefu.
Kama wako juzi:
"Dada, tangu Jumatatu hakuna umeme.
Waya huo umekufa. Tupite hivihivi."

Nilikataa. Ulinuna.
Ulilegeza kamba ya pua kidogokidogo, hilo nakusifu,
hata ukiwa na hasira mkono wako haukukurupuka.
Tuliulaza juu ya mananasi,
Zihalirwa akiupokea kwa bega lake zima.
Tukashika makasia. Waya ukatupita juu ya vichwa,
mweusi, mpole, kama kamba ya kuanikia nguo
ambayo mwenyewe amesahau.

Ndipo Kadutu yote ikawaka.
Nyumba juu ya nyumba, bati juu ya bati, mpaka kileleni,
na watoto wakapiga kelele tukazisikia majini:
"Kuran imekuya! Kuran imekuya!"
Friji ya shemeji ikakohoa, ikashika kazi.
Juu yetu, pale ndala ilipolowa umande,
kitu kikalia taratibu
kama nzi ndani ya chupa.

Hukusema neno.
Ulichukua nanasi moja ukalipakata
hadi tulipogusa mchanga.

Leo nimeshuka ngazi nikidhani nimewahi.
Nimekukuta ndani ya maji, suruali imekunjwa,
kamba zote bado zimelala zilivyolala,
shingo umeirudisha nyuma, mdomo wazi kidogo,
unahesabu.